Mji wenye njaa na druidi mwenye matunda kumi: uchambuzi wa kisa

Usuli

Kundi ni la watu watano, msimulizi mmoja na wachezaji wanne, watu wazima waliozoeana na wasio wageni wa dadu. Walikuwa wakicheza Dungeons & Dragons kwa kanuni za toleo la 5, lile la 2014. Majina yao na jina la mji wao wa kubuni nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ya kampeni (hadithi ndefu inayochezwa kwa vikao vingi) nimeyageuza ili wasitambulike. Mimi sikuwa mezani. Mambo yalipokwama, msimulizi alinipa daftari lake la vikao, nikazungumza na kila mchezaji peke yake, kisha nikahudhuria vikao vya baadaye kama mtazamaji.

Kwa asiyeujua mchezo: msimulizi hubuni dunia na kuwaendesha watu wote waliomo, isipokuwa wahusika wa wachezaji. Kila mchezaji ana mhusika wake mmoja; hapa walikuwa druidi (mchawi wa maumbile), kasisi, mpiganaji na mwizi. Panapokuwa na shaka, dadu huamua. Wahusika wenye uchawi wana manuizo, yaani matendo ya kichawi, yaliyoorodheshwa kitabuni, kila nuizo na ngazi yake, kuanzia ya 0 hadi ya 9. Kwa siku mtu ana nafasi kadhaa tu za kunuiza yale ya ngazi ya 1 na kuendelea, na zikiisha hawezi tena kuyanuiza mpaka apumzike, kwa kawaida usiku kucha. Druidi wa daraja la 5 (daraja ni kipimo cha uzoefu wa mhusika) ana nafasi nne za ngazi ya 1, tatu za ngazi ya 2 na mbili za ngazi ya 3. Jumla tisa. Hiyo tisa itatusumbua huko mbele.

Dunia ilivyoandikwa

Msimulizi huyu si mvivu. Mji wake ulikuwa na watu 8,000, kuta mbili, na jeshi la adui lililouzingira kwa mwezi wa tatu. Baraza la mji lilikuwa limegawanyika, nusu wakitaka kusalimu amri na nusu wakitaka kuvumilia hadi msaada ufike. Palikuwa na mfanyabiashara mwenye ghala lililofungwa, na msimamizi wa ghala hilo ambaye angekutwa amekufa katika kikao cha tatu. Njaa ndiyo ilikuwa injini ya kila kitu. Bila njaa baraza halina cha kugombania, ghala halina siri, na msimamizi hana sababu ya kuuawa.

Katika kurasa zote alizonipa, historia ya kuta imeandikwa mpaka jina la fundi aliyezijenga. Sikuona mstari hata mmoja unaosema ni watu wangapi mjini wanaoweza kunuiza.

Kilichotokea

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri. Katika cha pili msimulizi alieleza foleni mbele ya ghala: unga unapimwa kwa mizani, na mlinzi anakandamiza mkono wa mizani kwa kidole gumba kila akiona mtu asiyeweza kulalamika. Alitaka wachezaji wamwone huyo mlinzi, wakasirike, waulize ghala ni la nani.

Mchezaji wa druidi akauliza kitu kingine. "Kwenye foleni wako wangapi?"

"Kama themanini hivi."

"Basi wote nawalisha mimi."

Akafungua kitabu. Nuizo la Tunda Jema ni la ngazi ya 1. Hutoa matunda madogo hadi kumi, na kila moja humrudishia mlaji pointi moja ya uhai na kumshibisha kwa siku nzima. Yasipoliwa, baada ya saa 24 hupoteza nguvu. Siku hiyo druidi hakuwa ametumia nafasi hata moja. Tisa mara kumi, tisini. Foleni yote imeshiba na matunda kumi yamebaki. Meza ilicheka sana, isipokuwa msimulizi.

Mchezaji wa kasisi naye akakumbuka kwamba ana nuizo la ngazi ya 3 la kuumba chakula na maji ya kutosha watu 15. Kisima kilichotiwa sumu, ambacho kilikuwa kimeandaliwa kama tukio la kikao kizima, kilimalizika kwa nuizo la ngazi ya 1 la kutakasa chakula na kinywaji. Kanuni zinaruhusu kulifanya kama ibada ndefu isiyotumia nafasi yoyote, kwa hiyo halikumgharimu kitu. Jioni moja ikawa imemeza matayarisho ya wiki kadhaa.

Ikabaki maiti ya msimamizi wa ghala. Hapo nako kasisi ana Kusema na Maiti: maswali matano, mradi maiti ina mdomo. Tena ana Duara la Ukweli, eneo la nusu kipenyo cha mita nne na nusu ambamo anayeshindwa kujikinga hawezi kusema uongo wa makusudi kwa dakika kumi, na mnuizaji mwenyewe hujua nani amenaswa na nani amepona. Kisa cha mauaji kilichotegemewa kuchukua vikao vingi kilikuwa kinaelekea kuisha kwa dakika ishirini.

Uamuzi wa kwanza: kukataza

Kabla ya kikao cha tatu msimulizi aliwaandikia wachezaji kwamba ardhi ya mji imelaaniwa na matunda ya uchawi hayashibishi tena. Sababu zake alizieleza wazi: hakutaka hadithi ife, na hakuwa na muda wa kuandika nyingine.

Mchezaji wa druidi alijibu kwa swali moja, "Kwa nini laana imenipata mimi tu?" Panga la mpiganaji lilikuwa bado linakata. Mishale ya mwizi ilikuwa bado inaruka. Aliyekuwa amechagua mhusika kwa sababu ya uwezo fulani ndiye peke yake aliyenyang'anywa, na alinyang'anywa kwa sababu aliutumia vizuri.

Msimulizi akarudi nyuma kidogo. Laana ikafutwa, badala yake adui akawa amechoma mimea yote ile inayoota juu ya miti mingine, ambayo kijitawi chake kimetajwa kitabuni kama kiambato cha Tunda Jema. Wazo si baya. Tatizo ni kwamba kanuni zinasema kiambato kisichoandikiwa bei, na kisichoteketea katika kunuiza, kinaweza kushikiwa nafasi na chombo cha kunuizia, mfano fimbo. Mchezaji akageuza karatasi ya mhusika wake na kumwonyesha msimulizi fimbo, iliyoandikwa hapo tangu siku ya kwanza. Kikao cha tatu kilivunjika mapema, na hapo ndipo nilipoitwa.

Uamuzi wa pili: kuhesabu

Kikao kilichofuata hakikuwa cha kucheza. Walikaa na karatasi tupu, na swali lililowekwa mezani lilikuwa hili: kama uwezo huu umekuwapo duniani humu siku zote, nani ameshautumia kabla ya wahusika wetu kufika?

Hapo ndipo pengo la kitabu linapoonekana. Kanuni zinaeleza kwa undani nuizo hufanya nini, kwa umbali gani na kwa muda gani. Hazisemi ni watu wangapi wanaoliweza. Toleo la 3, katika mwongozo wa msimulizi wa mwaka 2000, lilikuwa na majedwali ya kukadiria wenye uwezo wa kila aina kulingana na ukubwa wa mji. Toleo la 5 limemwachia msimulizi. Nambari hiyo moja inaamua sura ya dunia kuliko ramani, na wengi hawaiandiki popote.

Kundi lilikubaliana: katika kila watu 200, mmoja anaweza kunuiza. Mji wa watu 8,000 una wanuizaji 40. Wengi ni wa daraja la 1 na kazi zao ni nyingine. Madruidi ni 12, wawili wa daraja la 5 na kumi wa daraja la 1, wenye nafasi mbili mbili kwa siku. Makasisi wenye uwezo wa kuumba chakula ni watatu.

Hesabu ikaenda hivi. Madruidi wawili wakubwa hutoa matunda 180. Wale kumi wadogo, matunda 20 kila mmoja, hufanya 200. Makasisi watatu, kila mmoja na nafasi mbili za ngazi ya 3, hulisha watu 90. Ukiongeza druidi na kasisi wa wachezaji, watu 120 wengine, unapata 590.

Watu 590 kati ya 8,000 ni asilimia 7 na ushee. Njaa ilirudi mezani bila laana yoyote, na safari hii ilikuwa imeletwa na kitabu chenyewe. Hata akiba haiwezekani, kwa kuwa tunda la leo kesho kutwa ni tunda tu. Mtu aliyenuiza matunda tisini hana tena nafasi ya kuponya jeraha wala ya kujilinda. Na swali la baraza likabadilika: hao 590 ni akina nani?

Uamuzi wa tatu: adui naye anajua

Hili lilitoka kwa mchezaji wa mpiganaji, ambaye hana nuizo hata moja. Alisema kamanda yeyote mwenye akili timamu, katika dunia yenye madruidi, hawezi kuzingira mji akasubiri ghala liishe. Atawalenga wanaolisha.

Wakarudi kwenye kanuni. Ili nafasi zirudi, mnuizaji anahitaji mapumziko ya saa nane. Kwa namna kundi lilivyoisoma kanuni, mapumziko yakikatizwa na saa moja au zaidi ya kazi ngumu, kupigana au kutembea, ni lazima yaanze upya. Basi adui hana haja ya kumuua druidi. Inatosha asilale. Usiku wa manane vyungu vya moto vilirushwa juu ya ukuta hadi mtaa wa madruidi, watu wakazima moto mpaka alfajiri, na asubuhi wale wawili wakubwa wakawa mikono mitupu. Watu 180 waliokuwa kwenye orodha ya kulishwa hawakupata kitu siku hiyo, na mlangoni walikuwa wameshajipanga.

Kikao kilichofuata nilikuwapo. Mchezaji wa druidi aliamua kubakiza nafasi mbili kila jioni kwa ajili ya ulinzi. Msimulizi hakubishana naye. Alimsukumia karatasi yenye majina 90 aliyoyaandika kwa mkono na kalamu nyekundu, akamwambia akate 20. Majina kumi yalikatwa haraka: walinzi, ambao wana posho yao kambini. Kwa kumi ya pili alisoma karatasi nzima mara kadhaa, akauliza huyu fundi wa mishale ana watoto, akaambiwa yuko kwenye orodha pamoja nao. Mwishowe alimpa mpiganaji kalamu. Mpiganaji akaikataa.

Matokeo

Kampeni iliendelea mpaka mwisho wake. Mzingiro ulivunjika kwa makubaliano ambayo wachezaji wenyewe waliyapitisha kwa siri, na chakula kilikuwa sehemu ya hoja tu. Kisa cha msimamizi wa ghala kilitatuliwa, ingawa kwa njia nyingine: muuaji alivaa barakoa na alitumwa na mtu aliyetumwa na mtu, kwa hiyo maiti ilijibu maswali yote matano na haikumjua mtu. Mfanyabiashara aliingia kwenye Duara la Ukweli bila woga, maana aliyenaswa hujua kwamba amenaswa na anaruhusiwa kukwepa swali ilimradi asiseme uongo, naye alikuwa amezoea kuongea hivyo maisha yake yote. Kilichomponza ni wakili wake, aliyekataa kuingia.

Wachezaji watatu walisema vikao vya orodha ndivyo bora walivyowahi kucheza. Wa nne, mwenye mhusika mwizi, alisema alijiona kama yuko kwenye kikao cha kamati. Nilipitia daftari na kuona ana haki. Kwa muda mrefu mhusika wake hakuwa na la kufanya ila kusikiliza watu wakijumlisha.

Uchambuzi

Kukataza kulishindwa kwa sababu ambayo haihusu njaa. Kitabu cha kanuni ni ahadi kati ya msimulizi na wachezaji, nao hukisoma kabla ya kusikia habari yoyote ya dunia. Mchezaji anapochagua druidi, kwake yeye Tunda Jema ni kweli kuliko ukuta wa mji, kwa kuwa ukuta ameusikia jana na nuizo amelisoma mwenyewe. Msimulizi ana ruhusa ya kuondoa nuizo, na wengi huondoa, ila hilo hufanyika kabla ya wahusika kuundwa. Likifanyika katikati linaonekana kama adhabu.

Hila ndogo nazo zina kikomo. Msimulizi alifikiria kuikata maiti taya ili isiweze kusema, na wasimulizi wengi hufanya hivyo. Inafaa mara moja. Maiti ya pili isiyo na taya, wachezaji wataanza kutafuta fundi wa mataya. Muuaji wa kutumwa kwa mikono mitatu ni jibu bora, kwa sababu limetoka ndani ya dunia: mahali ambapo wafu husema, wauaji wangekuwa wameshajifunza kuficha nyuso miaka mingi iliyopita, na matajiri wangekuwa wamejifunza kutoijua siri yao wenyewe.

Kilichofanya kazi ni kuichukulia kanuni kama jambo la kale. Nuizo likiwapo, kuna mtu aliyelijengea biashara, sheria, au mbinu ya vita. Dunia zilizochapishwa zimelijibu hili kwa njia tofauti. Eberron, iliyotoka 2004 baada ya Keith Baker kushinda shindano la Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, la kutafuta dunia mpya, iliyachukua manuizo ya ngazi za chini ikayafanya viwanda: treni za umeme wa radi, taa za barabarani, nyumba kubwa za kibiashara zinazouza uponyaji. Dark Sun ya 1991 ilienda upande mwingine, uchawi unakausha mimea na kuifanya ardhi majivu, kwa hiyo jangwa ni historia ya watu walionuiza. Ars Magica, mchezo mwingine ulioanza 1987, unawakataza wachawi wake kuingilia mambo ya watu wa kawaida kwa sheria yao wenyewe, na hivyo Ulaya yake ya zama za kati inaweza kubaki na sura yake. Msimulizi wetu alitaka Ulaya hiyo ya zama za kati huku akitumia kanuni zisizo na katazo hilo.

Kuhesabu kulizaa matunda pia kwa sababu kulihamisha ubishi. Kabla yake, ubishi ulikuwa kati ya mchezaji na msimulizi, kama nuizo lifanye kazi au lisifanye. Baada yake ukawa kati ya watu wa mji. Uchawi uliodhaniwa kuwa utafuta uhaba uliupa uhaba nambari, na nambari ikadai majina.

Bei za kitabuni, hata hivyo, nashauri zisitegemewe kama hesabu ilivyotegemewa. Kumfufua mtu ndani ya siku kumi tangu afe kunahitaji almasi ya thamani ya vipande 500 vya dhahabu, nayo huteketea. Mwizi aliuliza: mji ukizingirwa na bei ya almasi ikapanda mara tatu, si almasi ndogo zaidi itatosha? Kwa herufi ya kanuni yuko sahihi, na ni upuuzi. Msimulizi aliamua ukubwa wa jiwe ndio unaohesabika, akaendelea, na alifanya vizuri kutopoteza jioni.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ilikuja baada ya hadithi kuanza. Mara tu hesabu ilipokamilika mchezaji wa kasisi akauliza mbona miezi mitatu imepita na hakuna aliyewahi kuona orodha wala matunda. Msimulizi alijibu papo hapo kwamba orodha ilikuwapo, ila ilikuwa ya siri, na waliokuwamo ni familia za baraza na wafanyabiashara. Ukawa ufunuo mkubwa kuliko wote wa kampeni, na msimamizi wa ghala akapata sababu mpya ya kufa. Ningependa kuuita ustadi, lakini daftari linaonyesha hakuwa amewaza hilo kabla ya swali. Msimulizi mwingine angekwama hapo.

Kuhusu mwizi, kosa la mpangilio liko wazi. Uchumi wa uchawi ulijadiliwa kwa mdomo mezani wakati ungeweza kuingia kwenye matukio: soko la magendo la matunda, watoto wanaouza nafasi yao kwenye foleni, mtu anayeiba orodha na kubadilisha majina kumi. Kazi zote hizo ni za mwizi. Hakuna hata moja iliyopangwa.

Lililobaki wazi

Kuna nuizo moja ambalo kundi liliamua kutoligusa. Kustawisha Mimea ni la ngazi ya 3. Likinuizwa kwa saa nane, mashamba yote ndani ya nusu maili kila upande hutoa mavuno maradufu kwa mwaka mzima. Hilo ni eneo la hekta 200 hivi kwa nuizo moja. Madruidi wawili wa daraja la 5, kila mmoja akinuiza mara moja kwa siku, wangemaliza hekta 12,000 kwa mwezi. Matunda kumi kwa foleni ni mchezo wa watoto ukilinganisha. Mji wenye madruidi wa namna hiyo usingeingia kwenye mzingiro na ghala moja tu, na pengine jeshi lile halikuja kwa ajili ya mji bali kwa ajili ya mashamba yake, au kwa ajili ya wale wawili.

Msimulizi ameshaandika ukurasa wa kwanza wa kampeni ijayo. Inaanza miaka kumi kabla ya mzingiro, katika mkutano ambapo wenye mashamba wanapanga foleni ya nani atanuiziwa kwanza, na mchezaji wa mwizi ameombwa aje na mhusika anayejua kughushi mihuri.